Sauti Iliyobaki Garland

Nyumba Na. 214,
Garland, Texas,
Marekani.

14 Septemba 1997

Mpendwa wifi Awino,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na shemeji na watoto. Goti la Mama linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia limevimba tena, hawezi kwenda kanisani kwa miguu. Na Adongo, jino lake la mbele limeshaota? Barua zako nazisoma mara mbili mbili kutafuta habari kama hizo, maana ndizo zinazonifanya nijione bado ni wa kwenu.

Mimi mwili ni mzima. Joto la huku halijapungua, usukani wa gari ukiushika mchana unakuunguza viganja. Kazi ni ile ile ya kuwatunza wazee, na masomo ya uuguzi yameanza tena. Usingizi ndio wa kubahatisha, lakini hayo nitayafikia.

Barua yako ya Agosti niliipata wiki jana, nikaisoma nimesimama mlangoni na viatu vya kazini miguuni. Umeniomba nikujibu kama dada yako wa tumbo moja: je, Otieno yuko hai? Unasema Mama alikwenda posta, akapiga namba yangu, akamsikia mwanawe kwa masikio yake mwenyewe. Tangu siku hiyo amekataa katakata yago izikwe badala ya mwili. Kila jioni anampakulia chakula na kukifunika, na wazee wamechoka kungoja.

Wifi, Otieno hayuko hai. Nakuambia mapema ili usiisome barua hii huku ukitumaini. Aliyesema na Mama ni mashine.

Hebu nianzie nyuma kidogo, kwa sababu baba mkubwa Okelo alipokuja kwetu Wundanyi kuleta posa, watu waliongea mambo ya ng'ombe na ya kanisa, na hakuna aliyeniuliza tulikutana vipi. Tulikutana kwenye theluji. Kuna wakala mmoja hapa Garland ambaye kila Desemba huwachukua vijana na kuwapeleka milima ya Colorado, kwenye mji mdogo ambako matajiri huja kuteleza juu ya theluji. Wao wanateleza, sisi tunawatandikia vitanda. Mimi nilikuwa vyumbani, yeye alikuwa chini kwenye dobi, akisukuma matoroli ya mashuka. Hiyo ni baridi ya kuamkia mwaka tisini na sita.

Mimi baridi ile iliniliza kweli, machozi ya utoto. Vidole vilikuwa vinakufa kabisa kabla sijafika hosteli ya wafanyakazi. Siku moja namaliza shifti nikakuta glavu zangu hazipo pale nilipozitundika. Nikaanza kufoka. Otieno akatoka chumba cha mashine za kukaushia nguo, kazishika mkononi, zina moto kama mkate uliotoka sasa hivi. "Vaa haraka kabla hazijapoa, we mtu wa Taita," akaniambia, akarudi zake ndani. Toka siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Kabla sijatoka, glavu zangu lazima zizungushwe kwenye mashine.

Na ile omena! Alikuwa amefunga dagaa hao wa ziwa lenu kwenye sanduku la nguo toka Nairobi. Akaikaanga hosteli jioni moja, harufu ikapanda hadi ghorofa ya tatu, msimamizi akaja mbio na tochi akitafuta panya aliyekufa ukutani. Akafungua madirisha yote, theluji ikawa inaingia mpaka jikoni. Sote tulikimbia isipokuwa Otieno, aliyekaa na koti lake na kofia, akala ugali wake kwa utulivu wa mzee wa boma. Mimi ambaye omena nilikuwa naiona chakula cha kuku, nikarudi, nikakaa karibu naye, nikala. Hapo nikajua nimekwisha.

Barafu ilipoanza kuyeyuka tukateremka Texas tukiwa wachumba. Yaliyofuata unayajua, posa na picha tulizowatumia.

Sasa hii mashine. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimeanza chuo, kwa hiyo yeye alipanda mlimani peke yake kwa msimu mwingine, tupate cha kufanyia harusi. Hakupenda niishi peke yangu. Huku wasichana wengi huomba mwanamume awarekodie salamu kwenye mashine ya simu, ili mtu asiyefaa akipiga ajue nyumba ina mwenyewe. Basi Otieno akanunua mashine, akakaa meza ya jikoni, akajirekodi. Alirudia mara nyingi kwa sababu mimi nilikuwa nacheka. Maneno yake ni haya: "Hapa ni kwa Otieno na Kezia. Hatupo kwa sasa. Acha jina lako, nitakupigia. Oriti." Ile "oriti", kwaheri yenu, aliiweka kwa ajili ya watu wa kwenu, ndivyo alivyosema.

Mwezi wa pili mlima ukamchukua. Ilikuwa siku yao ya mapumziko, wametoka watatu kutembea, theluji ikaporomoka kutoka juu. Wenzake walifukuliwa wakiwa wazima. Yeye alisukumwa hadi korongoni, kwenye mto. Waliotafuta walituambia tungoje barafu iyeyuke. Ikayeyuka, mto ukajaa, ukapungua, na hata kiatu hakikupatikana. Hayo nilikuandikia zamani, sitayarudia.

Lakini hili sikukuandikia. Yeye hakurudi, na sauti yake haikuondoka. Ninaporudi kazini naikuta nyumba imenyamaza, naingia kuoga, simu inalia, na kabla sijafunga maji namsikia sebuleni anasema hatupo kwa sasa. Anasema kwa furaha. Kila mara moyo unaruka, kila mara. Watu wa mabenki wanapiga, anawaahidi atawapigia. Mtu akikosea namba, naye anaahidiwa.

Jirani yangu ni Mkongo, mama mmoja mwema anaitwa Clothilde, tumetenganishwa na ukuta mwembamba. Mwezi wa tano alinigongea akiwa na sufuria imefunikwa kitambaa. "Dada Kezia, bwana yako alirudia? Niko nasikia sauti yake kila siku. Nimepika fufu mingi, mukule wote." Nilimweleza. Akapiga ishara ya msalaba, akaniachia sufuria, na siku ya pili akaja na padri wao aninyunyizie maji nyumba nzima. Padri alinyunyiza mpaka juu ya mashine. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Kisha simu ikalia, na Otieno akaongea, na padri wa watu akasahau sala aliyokuwa akiisoma.

Kila mtu aliniambia nifute. Onyancha, yule Mkisii aliyekuwa akifanya kazi naye dobini, alikuja mwenyewe akaweka kidole kwenye kitufe. "Kezia, utajimaliza. Wacha ni-erase, ni sekunde moja tu." Nikamshika mkono. Sikuandikii haya ili kuomba radhi, wifi. Nyinyi mna nyumba aliyozaliwa, mna mti aliouparamia, mna shati la shule. Mimi ninazo sentensi zake hizo tatu, na neno lenu moja.

Mwezi wa saba nikaona kweli nitaugua. Nikaenda Pearland, karibu na Houston, kwa binti ya mjomba, Fiona, yule muuguzi, nikapumzike nyumba yenye watoto na kelele. Nilivumilia siku chache. Jumamosi asubuhi wote wako bustanini, nikajifungia chumbani kwa Fiona nikaipiga namba yangu mwenyewe, nimsikie kidogo tu halafu nikate.

Simu ilikuwa bizi.

Awino, niliketi kitandani. Nyumba yangu nimeifunga kwa funguo mbili, na funguo zote ziko mkobani mwangu. Nikapiga tena, bizi. Mtu alikuwa akiongea kwenye simu ya nyumba yangu. Je, utaniuliza kama niliwahi kuamini yuko hai? Kwa kitambo kile, ndiyo. Nilimwona kabisa ameegemea kaunta ya jikoni, viatu vina matope, anapiga simu. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilipopiga mara ya tatu ikalia sawasawa, mashine ikaitika, akaniambia mimi mwenyewe kwamba Kezia hayupo.

Niliendesha gari siku ile ile hadi Garland bila kuwaaga vizuri. Nyumba ilikuwa vile vile, hakuna tope, hakuna mtu. Taa nyekundu ya mashine inawaka na kuzima. Nikabonyeza, nikasikia mama mtu mzima akiita, "Otieno! Otieno wuoda!" yaani mwanangu, hilo nalijua. Kisha maneno mengi ya Kijaluo, kisha analia, kisha mashine imemkata katikati.

Nilimwita Onyancha, maana amekulia sokoni mpakani na Kijaluo anakisikia. Alisikiliza amevua kofia. Akasema: "Anauliza kama umekula. Anauliza kwa nini sauti iko karibu hivi na hutaki kumwitikia. Anasema kama kuna kosa alilofanya, aambiwe." Nilitaka kukuandikia siku hiyo hiyo, kalamu ikanishinda. Sasa barua yako imenieleza kuwa Mama alipiga Jumamosi ile, alasiri ya huko, ambayo ni asubuhi ya huku. Kwa hiyo waliokuwa wakiongea nyumbani mwangu nilipokuwa Pearland ni Mama na mwanawe.

Mwambie Mama hakukatiwa simu kwa hasira. Mashine hukata yenyewe mtu akizidisha maneno, hata awe nani. Mwambie hakuna kosa. Hilo mwambie kwanza, hata kabla ya kumwambia kwamba amekufa.

Halafu yago. Otieno aliwahi kunieleza pale dobini, akicheka, kwamba kwenu mtu akipotea mwili wake usionekane, huzikwa yago, lile tunda refu la mwegea, ili roho ijue ina mahali. Mimi nikamwambia sitakubali kuzika tunda. Sasa nakubali. Lakini nafikiri Mama hawezi kulizika kwa sababu tunda halina chochote cha mwanawe ndani yake, na sauti aliyoisikia ilikuwa yenyewe kabisa.

Kwa hiyo nina ombi. Barua ikifika, mchukue Mama mwende posta Jumamosi ya kwanza ya Novemba, alasiri kama ile. Nitakuwa nyumbani, nimekaa karibu na simu, lakini sitaiinua. Mwache Otieno aongee. Mlio ukisikika, Mama amwambie lile ambalo mzazi humwambia mtoto anayeondoka, kwa Kijaluo chenu, wala asiharakishe. Ikimkata, pigeni tena. Nitasikia yote, na sitaelewa, na ndivyo inavyofaa.

Ndani ya mashine hii kuna kanda mbili ndogo, kila moja kama kibiriti. Moja ina maneno ya Otieno, nyingine ina maneno ya wanaompigia. Mama akishamaliza, nitazitoa zote mbili, nizifunge kwa leso niliyovaa siku ya posa. Onyancha anakuja nyumbani Desemba, ataileta mkononi, si kwenye sanduku. Ziwekeni pamoja na yago. Waambie wazee kwamba halizikwi tunda tupu, anazikwa mtu na sauti yake, na mamake amemjibu.

Nisalimie baba mkubwa Okelo, mwambie kiti alichokalia kwetu bado tunakiita chake. Nisalimie shemeji, na Adongo na wadogo zake, na Mama mshike miguu kwa niaba yangu. Mungu aliyetupa tupendane awafunike, nanyi msikose maji wala usingizi, hasa usingizi.

Ni mimi wifi yako, niliye wenu hata bila harusi, nikupendaye daima,

Kezia

Nimesahau jambo. Mwambie Mama asianze kusema upesi. Baada ya "oriti" kuna kimya kifupi kabla ya mlio, na hapo Otieno anasikika akivuta pumzi. Nyuma yake kuna mwanamke anacheka. Huyo ni mimi. Nimekifikiria sana kicheko hicho, na nimekubali kizikwe naye.