Makopo Matatu Kwenye Gunia la Mbegu

Baba,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi maneno bila salamu, hata kama ameleta mabaya. Nami nimeleta mabaya.

Masanja naye anacho kirusi kile kile cha ini. Tulipimwa sote baada ya kukuzika, maana niliwashikia bango. Mama hana, mimi sina, mwanao wa kiume anacho. Hospitali walimwandikia dawa kama zako, kidonge kimoja kila siku. Hajameza hata kimoja. Leo ni siku ya tisa anafunga, na mama anasema mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, na macho yameanza umanjano.

Nilimpigia simu nikiwa mkali, unanijua. Hakubishana. Alichukua simu yako, maana aliirithi yeye, akabonyeza, nikasikia sauti ya mwanamke anayejiamini kupita kiasi: "Baba, ukifunga, seli zinakula takataka zake zenyewe. Mwili unajisafisha." Ilikuwa sauti yangu. Halafu Masanja akaniuliza taratibu, "Si wewe huyo, dada? Au baba ulimdanganya?" Nilikata simu. Siku hiyo sikuweza kushika chaki.

Ujumbe ule nilikurekodia nikiwa ofisi ya walimu hapa Bariadi, nimetoka kufundisha baiolojia kidato cha pili. Ulikuwa umeniuliza kama kufunga kunasaidia ini. Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja tu, nikajiona profesa. Nikakufananishia na shamba: mkulima anavyong'oa miti ya pamba baada ya mavuno na kuichoma ili wadudu wasibaki, ndivyo seli inavyofanya kwa uchafu wake. Wee, ulivyofurahi! Ukaenda kutangaza kanisani kwamba ng'wanone, mwanangu yule mwalimu, ndiye aliyesema. Ukaanza kufunga. Jioni ulifungulia michembe, vile viazi vikavu, na chai, ukanipigia kuniambia unajisikia mwepesi. Nikakujibu safi sana, Baba, endelea.

Ukurasa wa pili niliusoma wakati wewe umeshazikwa. Sasa nisikilize nikufundishe yote. Ni kweli kila seli hufungasha vitu vyake vilivyochakaa ndani ya kifuko, ikavimeng'enya, ikatumia mabaki kujijenga upya. Ni kweli pia kwamba mara nyingine hukinasa kirusi humo humo na kukimaliza. Lakini viko virusi vilivyoizoea kazi hiyo ya usafi, vikaigeuza iwe yao. Watafiti wameona hata kirusi chako kinaweza kuichochea seli ijisafishe zaidi, kisha kikautumia usafi huo kuzaliana. Seli inadhani inafagia nyumba, kumbe inamtandikia mgeni kitanda.

Wewe ungenielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Unaikumbuka ile miti ya pamba uliyokataa kuichoma, ukaipanga nyuma ya jiko ili mama apate kuni? Bwana shamba alikuonya, ukamwambia akaone kwanza mama anavyotembea kutafuta kuni. Msimu uliofuata funza mwekundu alianzia shamba letu, tena kwenye matuta yaliyo karibu na jiko. Hukufoka. Ulisema tu, "Tumemtunza wenyewe." Neno hilo linanifuata mpaka darasani.

Kama kufunga ndiko kulikokuua, sijui. Daktari alisema ini lilikuwa limeharibika siku nyingi, na hakuna mtu anayeweza kupima sauti yangu ilichangia kiasi gani. Lakini liko jambo ninalolijua peke yangu. Siku ya kugawa nguo zako nilivuta gunia la mbegu chini ya kitanda, nikahisi kitu kigumu ndani. Makopo matatu ya dawa, hayajafunguliwa. Kumbe ulikuwa unakwenda kliniki, unapewa, unayafukia kwenye mbegu, halafu unafunga. Uliniamini mimi kuliko daktari, Baba. Niliyatia kwenye begi langu chini ya vitenge, nikatoka uani kulia pamoja na wengine.

Ndiyo maana Masanja hamezi. Yeye na mama wanaamini ulimeza kila siku mpaka ukakata roho. Anawaambia watu wa kijijini kwetu Sola kwamba dawa hazikumsaidia baba, zitamsaidia nini yeye, na mimi nanyamaza. Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nimeficha makopo, na kilio nakisikia kinakuja kwa njia ile ile kiliyopitia kufika kwako.

Naogopa. Naogopa uso wa mama. Naogopa Masanja atanifukuza pale nyumbani. Lakini kinachonitisha kuliko vyote ni kwamba jana alimwambia mama anajisikia mwepesi.

Basi asubuhi hii begi liko mlangoni na makopo yamo. Nikimaliza kuandika nakwenda kupanda gari la Maswa. Nikifika Sola nitasalimia kama ulivyonifundisha, kisha nitayapanga mezani mbele yao wawili, matatu yote. Nitamwomba Masanja aichukue simu yako anirekodi tena. Niseme ulichoacha kumeza, niseme ni nani aliyekufanya uache. Akinitukana nitamwacha amalize. Akinifukuza nitakaa uani, kwenye kile kigogo ulichozoea kukalia, mpaka akubali kwenda na mimi hospitali.

Pumzika, Baba. Usihangaike kunitetea huko uliko, msamaha nitauomba mwenyewe. Wewe nilikupa nusu, ukaiamini yote. Masanja nitampa yote, hata asiponiamini tena maisha yake yote, mradi awe nayo hayo maisha.

Binti yako,
Holo