Swichi ya Stoo

Kilosa, 3 Machi 1996

Mwanangu Sesilia,

Natumaini huko Mikumi mmeamka salama, wewe na wajukuu zangu. Mimi nipo. Miguu imevimba, na nikitoka kitandani hadi mlangoni pumzi inakata, lakini kalamu bado inanitii.

Nguzo za umeme zimefika mtaani kwetu. Filipo jirani kaunganishiwa wiki iliyopita, na redio yake hainyamazi. Nasikia wewe ndiye uliyefunga taa katika ile hoteli mpya ya watalii. Basi baba yako amwite fundi gani mwingine? Nataka nyumba hii iwake kabla sijafumba macho. Sebuleni nimepanga taa nne, na katikati ile ya kuning'inia yenye vioo. Siku hizi zimejaa madukani. Chumbani kwangu moja, jikoni moja, barazani moja. Nichoree mpango.

Baba yako,
Urbanus

Mikumi, 14 Machi 1996

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Pole kwa miguu. Mwambie Domina anayekupikia apunguze chumvi.

Umepanga kama mtu anayengoja wageni. Mimi hupanga kwa kuangalia mikono ya anayefanya kazi chumbani. Taa ya katikati ya dari ya jikoni itamwacha Domina akikata mboga ndani ya kivuli chake mwenyewe. Nitaiweka juu ya meza ya kukatia. Kwako itakaa ukutani, kushoto kwa kitanda, maana unaandika kwa mkono wa kulia. Sebuleni mbili zinatosha ukipaka chokaa nyeupe. Nne zitamulika vyeti vyako tu.

Stoo hukuiandika. Umesahau?

Binti yako,
Sesilia

Kilosa, 22 Machi 1996

Mwanangu, marahaba.

Nimemsomea Domina barua yako. Anacheka, hajapata kuona fundi anayeuliza mtu anasimama wapi akikata vitunguu. Taa ya kushoto nimeikubali. Za sebuleni ziwe tatu.

Stoo iache. Haina dirisha, haina mtu, ina magunia tu. Domina ana tochi.

Baba yako,
Urbanus

Mikumi, 1 Aprili 1996

Baba, shikamoo. Naomba Mungu uwe na nafuu.

Leo tuseme wazi, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kurudisha chemli kwenye msumari wa mlango wa stoo kila nikimaliza kusoma. Siku ile ya masika haikuwepo msumarini. Mama akaingia kuchota unga kwa kupapasa, akakanyaga moma, nyoka aliyemuua. Chemli ilikutwa sebuleni, ukasema mimi ndiye niliyeiacha huko. Ulinichapa mbele ya waombolezaji. Mimi nilikumbuka nimeirudisha, lakini mtoto akiulizwa mara tatu na baba yake, tena mwalimu, hujiona kweli amekosa.

Nimefunga taa katika nyumba za watu miaka yote hii. Unadhani kwa nini? Ukiniruhusu taa moja tu katika nyumba ile, iwe ya stoo. Niache nirudishe mwanga niliouondoa. Hutaki, tafuta fundi mwingine.

Binti yako,
Sesilia

Kilosa, 9 Juni 1996

Mwanangu Sesilia,

Sikuulizi hali, maana nimechelewa kuiuliza kwa miaka ishirini na miwili. Barua yako imekaa chini ya mto wangu miezi miwili. Nililazwa wiki tatu, kisha daktari akanirudisha nyumbani, na mtu mzima anajua maana ya kurudishwa.

Wewe uliirudisha chemli. Najua ilikuwa msumarini, kwa sababu mimi ndiye niliyeiondoa.

Walikuja wakaguzi wawili kutoka wilayani, alasiri ya mvua, sebule imejaa giza. Nilionea aibu koroboi na moshi wake. Chemli ndiyo pekee iliyokuwa na kioo safi, nami nilitaka wakione cheti changu cha ualimu ukutani. Mama yako aliuliza kutoka uani, kwa upole, "Mwalimu, chemli iko wapi?"

Nikamjibu, "Wageni kwanza, Elizabeti."

Wakaguzi wakacheka kidogo. Kisha tukamsikia akilia.

Wao waliiona mezani tu, hawakujua inakaa wapi. Majirani walipouliza nani kaiondoa, ulikuwa umesimama mlangoni na daftari lako. Nilikutazama, na macho ya watu wote yakafuata yangu. Baada ya hapo ikabidi niseme, na nilipokwisha kusema ikabidi nikuchape, ili uongo ule ufanane na kweli. Mwaka huohuo nikapewa ualimu mkuu.

Nilikataa taa ya stoo kwa sababu kitanda changu kinatazamana na mlango wake. Gizani siuoni.

Sidai msamaha. Naomba uje, nikuone mara moja.

Baba yako,
Urbanus

Mikumi, 16 Juni 1996

Mwalimu Urbanus,

Barua nimeipata. Salamu ya kuanzia sina.

Nitafika Alhamisi kwa basi la asubuhi, na waya, swichi moja na balbu moja. Nitafunga taa ya stoo peke yake. Swichi itakaa nje ya mlango, palepale penye msumari, ili mwenye kufuata unga asiingie gizani kutafuta mwanga.

Sebule sitaigusa. Domina ananiambia chemli bado unayo. Iwashwe huko, mezani, chini ya vyeti.

Nikikukuta hai, mlango wa chumba chako uachwe wazi. Nitawasha, utazame.

Mtoto wa Elizabeti,
Sesilia