Neno la Mwisho la Mama

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, matusi baadaye. Hujambo? Kazi ya dobi hapo hotelini inaendaje, na ule mgongo umepata nafuu? Sisi hatujambo. Zamani ningeandika "sisi wazima", lakini neno hilo umeshalitia uchafu, siwezi kulitamka tena. Simu zako nimeziona. Sipokei kwa sababu nikipokea nitatamka jambo lisilorudi mdomoni. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Nimeiona filamu. Sikuitafuta. Mama Pacha wa jirani alikuja na simu yake mkononi, kamasi zinamtoka, "Njoo umwone mama yenu!" Nikaacha gauni la watu mashineni nikakimbia, nikidhani mtu kaokota picha ya zamani. Kumbe ni filamu ya maisha ya Wanne wa Roshani, hao waimbaji wako uliowabandika ukutani tangu tunasoma mpaka rangi ya ukuta ikatoka nao. Wanasimuliana walivyoanza kuimba kwenye roshani ya mjomba wao, walivyogombana, walivyopatana. Sawa, hayo ni yao. Mara unatokea wewe, umepakwa poda, wamekuandika "Shabiki wa Kweli", unaiambia dunia kwamba mama alikata roho akisikiliza wimbo wao, na neno lake la mwisho lilikuwa jina la wimbo: "Mzima".

Ewe mtoto wa mama yangu! Mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda pale. Mama alisema "zima". Zima! Zima redio! Wimbo huohuo ulikuwa unapigwa, mama akasema zima, nikanyoosha mkono nikazima. Wewe umechukua herufi moja ukaipachika mbele, ukamfanya mama shabiki.

Na yule mwanamke waliyemlaza aigize kufa! Shuka jeupe pe, na kope za kubandika. Kope! Mama yetu ambaye urembo wake wote ulikuwa mafuta ya mgando na kitambaa cha kichwa.

Nikasoma na wanachoandika mashabiki wenzako. "Nimelia mpaka pua imeziba." "Huyu ndiye mama wa mashabiki wote." "Na mimi nikifa nataka nife hivi." Mwingine anasema mwimbaji wa tatu kaonewa, kapewa dakika chache, heri wangekata kile kipande cha kifo wakamwongezea yeye. Wasichana wanajirekodi wamelala kitandani, wanalegeza macho, wanasema "mzima", halafu wanaangua kicheko. Ptuu! Nilitoka nje nikatema mate kweli, si maneno tu.

Sasa sikiliza la jana. Kaja mteja, mwalimu wa chekechea, mtu mpole tu, na fulana anataka nimpunguzie mbavuni. Naikunjua mezani, naona uso wa mama, picha yake mwenyewe uliyowapa, umechapwa kifuani, na chini yake MZIMA kwa herufi za kumetameta. Ananiambia nisiikaze sana, uso usije ukapindana. Nilimrudishia fulana yake, nikamwambia mashine imeharibika, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Waambie waliotengeneza wakiondoe kipande hicho. Wewe ndiye uliyewapa, wewe ndiye utakayewanyang'anya.

Dada yako, kwa shingo upande


19 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika, na makali yake yote. Mgongo ni uleule, pasi za huku ni kubwa kuliko mimi, lakini nashukuru nasimama. Mashine yako ya kushonea ile kweli imeharibika au ulimdanganya tu yule mwalimu? Ulimdanganya, nakujua.

Dada, sikutunga. Ungeniona ungejua. Asubuhi ile nilikuwa nje, chini ya dirisha la mama, na nilimsikia kwa masikio yangu haya: "mzima". Nimetembea na neno hilo miaka yote. Nilikuwa nikijiambia mama anatuaga, anatuambia tusiwe na hofu, yeye ni mzima. Yule mtengeneza filamu aliponiuliza nilimpenda vipi mama, ndilo pekee nililokuwa nalo. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akasema machozi hayaonekani vizuri upande huu, nigeuke. Nikageuka. Hapo nilijisikia vibaya, sitakuficha, lakini nilikuwa nimeshaanza.

Kope sikuziona mpaka siku ya kuonyeshwa. Niliinamisha kichwa. Fulana nazisikia kwako.

Nimewaomba wakiondoe. Wamecheka, wakasema hicho ndicho kipande kinachopendwa kuliko vyote, nani akate moyo abakize mifupa. Tena wananialika. Tarehe thelathini Machi Wanne wa Roshani wanafanya onyesho la kutimiza miaka ishirini, mjini huku huku, na wanataka nipande jukwaani nilitamke lile neno kabla wimbo haujaanza.

Unajua huku nilipo wananiitaje? Wananiita kwa namba ya zamu. Mashabiki wananiita "binti wa Mzima", wananitumia salamu kila siku, watu nisiowajua kabisa. Nakuambia ukweli, napenda.

Na wewe, dada, usiudhike: una uhakika? Ulikuwa hujalala siku nyingi. Wewe una mama tele. Ulimlisha, ulimgeuza, ulimsuka, una maneno yake ya kukutosha mpaka uzeeni. Mimi nina neno moja la dirishani. Leo unaniambia hata hilo halikuwa langu, lilikuwa la redio.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Huku kuna joto na vumbi na upuuzi, hasa upuuzi.

Uhakika ninao. Nilikuwa nimemwinamia, pumzi yake naisikia shavuni. Aliiangalia redio, akasema zima. Redio haiambiwi mzima. Mama alikuwa amechoshwa na kelele za hao vijana wako, maana uliwapigisha asubuhi mchana jioni, hata mimi nilikuwa natamani kuitupa redio chooni.

Sasa nikupe habari za hao wanaokupenda. Jumamosi wamekuja watu hapa, mume na mke, watu wazima wenye akili zao, wamevua viatu mlangoni kwa adabu kabisa. Wamesema wanatoka chama cha mashabiki, wametoka mbali. Nikawakaribisha, nikawapa maji. Wakaomba waone chumba. Nikafikiri labda wanataka kutoa pole. Mke akaniuliza, "Ndicho kitanda chenyewe?" Sijajibu, kashajilaza! Mume anapiga picha. Halafu yule mwanamke akageuka akaubusu mto. Akaubusu, mdogo wangu, kwa mdomo wake na rangi ya mdomo. Mto wenyewe si ule, ule ulishaoza zamani, huu anaulalia mwanangu anayekojoa. Sikumwambia. Nimewatoa kwa ufagio, na viatu nikawarushia nje kimoja kimoja.

Nimecheka baadaye, halafu kinyaa kikanirudia, nikachemsha maji nikafua foronya mpaka vidole vikababuka.

Unasema una neno moja tu. Mimi sikukunyang'anya. Wamekunyang'anya wao, wanalichezea vitandani kwao. Sasa nisikilize vizuri, maana sitarudia. Panda hilo jukwaa. Shika kipaza sauti, useme mbele yao wote: mama yangu alisema zima. Basi, ushuke. Ukipanda ukarudia ule uongo, usinihesabu tena kuwa ni ndugu yako. Huo mlango wa nyumba ya mama utaukuta umefungwa, na ufunguo ninao mimi.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Samahani kwa kimya. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Nilipanda. Walinipa gauni la kuazima, wakanisimamisha katikati ya wale wanne, mwimbaji wa kwanza kanishika bega. Zamani ningezimia. Kwa karibu ananuka jasho na manukato, na alikuwa anatafuna. Ukumbi wote umevaa mama. Nilitazama chini nikaona mama, mama, mama, mpaka mwisho wa macho, mwingine kanyooka, mwingine kapindana juu ya kitambi cha mtu. Nikakuelewa, dada.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Nilikosea. Mama yangu hakusema mzima. Alisema zima. Alitaka redio izimwe."

Nikajiambia, haya, sasa watanizomea, wanizomee tu, nishuke niende kwa dada yangu. Mara mtu mmoja nyuma kule akapiga kelele: "Zima!" Mwingine akadakia. Ukumbi mzima ukaanza: "Zima! Zima! Zima!" wanapiga makofi, wanarukaruka. Fundi wa taa akadhani ndiyo mpango, akazima taa zote. Wakawasha simu zao juu, wakaanza kuuimba ule wimbo gizani, na badala ya mzima wanasema zima. Mwimbaji wa kwanza akaninong'oneza sikioni, "Wewe ni hatari, umetuua!" Alifurahi kweli. Nimesimama kwenye giza lile nalia kwa sauti na hakuna aliyejua kama nalia au naimba.

Kesho yake wameandika kwamba ni dakika bora kuliko zote katika historia ya kundi. Fulana mpya zimeshatoka. Unajua zimeandikwa nini. Nimeufunga ukurasa wangu, nyimbo zao nimezifuta zote. Hata mteja akipita koridoni anaupiga mluzi huo wimbo, nainama kwenye beseni mpaka apite.

Lakini dada, linaloniuma silo hilo. Nilipolitamka mwenyewe nikakubali kwamba ndivyo alivyosema, nikakumbuka na yaliyobaki. Unakumbuka nilikuwa nje nafanya nini? Nilikuwa naanika shuka zake, naimba pamoja na redio, kwa sauti yangu yote. Redio ikanyamaza ghafla. Nikadhani umeme umekatika. Mimi nikaendelea peke yangu, nikauimba mpaka mwisho, narudia na kiitikio. Nikachukua kapu nikaingia, ukanitazama, nikajua tayari.

Kwa hiyo kama mama aliuchukia wimbo ule, kama alitaka kunyamaziwa dakika ile tu, basi mimi sikumnyamazia. Wewe ulizima redio, mimi nikaendelea kumpigia kelele mpaka akaondoka. Hilo silali nalo. Niambie tu kama alikunja uso. Usinifiche.

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo, mama? Umekula? Kula kwanza ndipo usome.

Barua yako niliianza nimesimama mlangoni, nikaimaliza nimekaa chini sakafuni, mteja ananitazama.

Hakukunja uso. Nitakueleza ilivyokuwa na usinikatize. Alisema zima, nikazima. Nikategemea kimya. Badala ya kimya nikakusikia wewe, unabweka huko nje na ile sauti yako. Nikapandwa na hasira, nikasema huyu mtoto hana haya, mama yuko hali hii yeye anaimba! Nikainuka nikufuate dirishani nikunyamazishe. Mama akanishika mkono. Mama ambaye kijiko kilikuwa kimemshinda kwa wiki nzima alinishika hapa, juu ya kiwiko, na hakuniachia. Nikadhani anaogopa nisije nikamwacha peke yake. Nikakaa, nikamwambia siondoki, mama, niko hapa hapa. Yeye hakunitazama. Uso wake ulikuwa umegeukia dirishani, na ukabaki hukohuko.

Miaka yote hii nasema mama alikufa na hofu. Nimemwambia na mjomba, nimemwambia na mume wangu. Sikuwahi kujiuliza mbona mtu mwenye hofu uso wake ulikuwa umetulia vile.

Hakuwa na hofu, mdogo wangu, na hakuwa na haja ya kimya. Wale wanne walikuwa wanamzibia. Alitaka nizime redio amsikie mtu wake anayeimba uani.

Njoo. Chukua likizo, waambie hao wa hotelini dada yako mgonjwa, nimekuruhusu. Mlango uko wazi. Lakini haya usimwambie mtu. Si mtengeneza filamu, si mashabiki, si Mama Pacha, hata mume wangu sijamwambia. Wakilisikia tu, wiki ijayo nitaletewa fulana yake niipunguze mbavuni. Hili tutakuwa nalo mimi na wewe tu mpaka tuzikwe.

Na uliimba vibaya, kama kawaida yako. Ubeti wa pili uliuruka wote. Mkono wangu aliuachia ulipomaliza.

Dada yako