Kwa Mama, Uliyetuachia Bustani na Mbuzi Mmoja

Mwaka umezunguka, Mama, tangu Jumamosi ile ulipotutoka jikoni, umekaa kwenye kigoda chako, karai la nyanya likiwa mbele yako.

Ulikuwa mshonaji kwa kazi na mkulima kwa mapenzi. Mchana cherehani, jioni jembe. Kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, ambacho Baba alikiona cha kuegeshea baiskeli tu, ulikifanya kitoe mchicha, karoti na vitunguu. Mvua zilipokaribia, mbolea ya sungura ulikuwa umeshaichanganya na majani makavu. Kiangazi kilipoingia, mboga zilikuwa zimeanikwa juu ya banda, na jamu ya mapera imepangwa kabatini, kila chupa na tarehe yake.

Mbuzi wa maziwa ulimpa jina la Mama Mkwe, kwa sababu, ulisema, anakula vizuri, anatoa kidogo na haachi kulalamika. Bibi mzaa baba alicheka kuliko sote.

Kideri kilipofagia kuku wa mtaa mzima, wako walipona kwa kuwa ulikuwa umewachanja. Jirani wa upande wa kisima alibaki na banda tupu. Hamkuwa mkisalimiana tangu kuku wake walipofukua miche yako, lakini ulimpelekea mitetea miwili na jogoo.

Akakuuliza, "Kumbe hunichukii?"

"Nakuchukia," ukamjibu, "lakini watoto wako wanahitaji mayai."

Tangu siku ile mkawa ndugu.

Wiki ile ya mwisho kifua kilikuwa kinakubana. Baba alipokuhimiza uende hospitali, ulisema ni uchovu wa kubeba ndoo, tena nyanya ziishe kwanza. Ijumaa ulinipigia simu, mimi binti yako.

"Zimeiva zote kwa mpigo. Njoo kesho tuzisindike."

"Wiki ijayo, Mama. Nimechoka."

"Haya, pumzika, mwanangu. Nitaanza taratibu."

Habari za kifua hukunigusia. Nami sikuuliza hata umeamkaje.

Asubuhi ulimtuma Baba dukani kununua vifuniko. Aliporudi alikukuta umeegemea ukuta, jiko umeshalizima. Alidhani umesinzia. Akakufunika shuka miguuni, akaanza kuosha chupa polepole asikuamshe. Aliosha kumi na mbili kabla hajajua.

Nyanya zile hakuna kati yetu aliyeweza kuzigusa. Zilikaa hadi zikaanza kutoa maji. Jirani akaja, akabeba karai, akaenda kuzifukia. Yeye ndiye aliyemkamua Mama Mkwe miezi mitatu, maana Baba hakutaka hata kufungua mlango wa nyuma.

Mvua ziliponyesha Baba akatoka mwenyewe na jembe. Vitunguu alivifukia chini mno, kana kwamba anavificha visiibwe, na vingi vikaoza. Sungura wamemzoea. Mbuzi bado anampiga teke, naye anamwomba radhi.

Mwezi uliopita nilichukua likizo, tukasindika nyanya, Baba na mimi. Tulisahau kutia ndimu, chupa tisa zikachacha. Zimebaki sita nzima. Baba hataki zifunguliwe. Mimi nasema chakula ni cha kuliwa. Tunabishana kila Jumapili, kisha zinabaki palepale kabatini, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukituamua.

Nisamehe, Mama. Ningekuja.

Unakumbukwa na mumeo, mwalimu mstaafu; binti yako na mumewe; mwanao fundi bomba; wajukuu wako watatu; mkweo, bibi yetu, ambaye siku hizi hacheki sana; dada yako; na jirani yako wa kisimani, aliyeomba atajwe pamoja na ndugu.

Maadamu tuko hai, Mama, hutatutoka moyoni.