Mkunjo Uliotoka Kwangu

Jumanne, Isiolo

Bado siamini. Leo daktari ametueleza majibu ya vipimo vya damu, yetu wazazi na ya binti yetu Amina, aliyezaliwa vidole vimeshikana.

"Jeni zake ni nzima," alisema. "Lakini kromosomu ni kama uzi mrefu uliokunjwa. Wake umekunjika vibaya, sehemu inayowasha jeni, kama swichi, ikasogea karibu na jeni isiyoihusu, ikaiwasha, ndipo vidole vikashikana."

"Hali hiyo imetoka wapi?" niliuliza.

"Kipande cha uzi kiligeuka. Amekirithi kwako, baba, ingawa wewe hakikukudhuru."

Kwangu! Miaka miwili mama yangu anamlaumu mke wangu Halima, na mimi nimenyamaza tu.

Nilimpigia mama simu, kule Sericho, Halima akisikia. "Mama, hali ya Amina imetoka kwangu. Si kwa Halima."

Hapo ndipo Halima alipolia.