Miraba Kumi ya Chokaa

Jumatatu, 4 Machi 1968
Hesabu, kisha jiografia. Kisha Bwana Mutua, mwalimu wetu kutoka bara, akabandika karatasi kubwa ukutani. Kazi upande wa kushoto, siku juu. Kila mraba siku moja. Ukiipaka miraba rangi unaona kazi gani yangoja ipi, na jengo litakwisha lini. Amesema mpango mzuri ni ule unaosema kweli. Sijaona kitu kizuri kama hiki. Ndivyo tutakavyojenga chumba cha vitabu cha shule. Makasha manne ya vitabu yako stoo tayari. Mimi nitachora, mwandiko wangu ni safi. Fundi ni Baba.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanya jambo baya.
Mgeni wa serikali atafungua chumba tarehe 13 Aprili. Tulianzia siku hiyo tukajaza kurudi nyuma. Boriti kutoka Matondoni, miraba minne. Dari ya mawe na chokaa, ambayo ndiyo paa pia, kumi na miwili. Kati ya kuchoma chokaa na kuanza dari palibaki miraba kumi. Bwana Mutua akaniuliza mbele ya darasa, "Wewe mtoto wa fundi. Chokaa ikishachomwa hukaa siku ngapi?"
Arobaini. Najua tangu utotoni. Ikitumiwa mapema haishiki, mvua huila.
Wote walinitazama. Nikasema kumi.
"Hodari," akasema. Nilifurahi. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumamosi, 16 Machi
Baba amewasha tanuu la chokaa. Moshi hadi mtaa wa Mkomani. Hajui habari ya hizo kumi. Hasomi herufi hizi, husoma za Kiarabu tu. Jana aliuliza karatasi yangu yasemaje. Nikamwambia yasema yeye ndiye fundi mkuu. Akacheka, akanipa kipande kikubwa cha halua. Nikala. Mwoga mimi.

Jumanne, 26 Machi
Bwana Mutua alikuja kazini na karatasi, darasa zima nyuma yake.
"Fundi, leo ni dari."
"Bado, Bwana. Chokaa hii yataka siku arobaini."
"Mwanao mwenyewe alisema kumi, mbele ya wenzake. Sasa mwongo ni nani, wewe au yeye?"
Baba akanitazama. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.
"Kumi," Baba akasema. "Uzee huu, Bwana. Nimesahau hesabu. Ni kumi, kama alivyosema."
Akainama, akaanza kuchanganya.
Nyumbani hakuniuliza neno. Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 13 Aprili
Mgeni amekuja. Makofi. Karatasi yangu ilitundikwa mlangoni, miraba yote buluu. Mgeni aliisifu kuliko jengo. Baba alisimama nyuma kabisa. Nguzo zilizotegemeza dari ziliondolewa juzi. Karatasi ilisema juzi.
Njiani kurudi alisema jambo moja tu: "Mvua ikinyesha, usiingie mule."

Jumanne, 16 Aprili
Mvua siku mbili. Alfajiri dari imeanguka. Hapakuwa na mtu ndani. Vitabu viko chini ya tope jeupe. Nilivuta kimoja, kurasa zikabaki mkononi kama uji.
Bwana Mutua alimwita Baba mbele ya shule nzima. Akainua karatasi. "Mpango ulikuwa sawa. Mikono yako ndiyo mibovu."
"Ndiyo, Bwana," Baba akasema.
Ningeweza kusema. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sikusema.

Jumatatu, 22 Aprili
Watu wamempa Baba jina. Wanamfuata hadi mlango wa msikiti. "Fundi Siku Kumi! Nijengee nyumba, nataka kufa Ijumaa!" Baba huitikia salamu, hupita.
Leo mwenzetu Shee alimwigiza darasani, mgongo umepinda, anapaka hewa, kisha anaanguka chali. Wote walicheka.
Nilicheka nao.
Watu wawili waliokuwa wamemwahidi kazi wamekwenda kwa fundi wa kijiji cha Shela.

Alhamisi, 25 Aprili
Mvua imekata. Baba hana pa kwenda. Chokaa iliyobaki iko uani, imefunikwa makuti. Alichota kidogo, akaifikicha, akaninyooshea mkono nishike. Laini kama samli.
"Yeo imewiva," akasema.
Nikahesabu siku tangu awashe tanuu hadi leo. Arobaini.
Akaifunika tena, akanawa mikono.