Chumvi ya Kuombea Miti

Columbia Heights, Minnesota
Tarehe 10 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Sosthène,

Pokea salamu zangu, uzigawe hapo nyumbani bila kubakisha hata moja mfukoni. Mnaendeleaje? Héritière mke wako, lile goti limeacha kumsumbua? Watoto wanakula? Na wewe mwenyewe, kile kikohozi kimekwisha, au bado unatudanganya kwamba ni vumbi tu? Nijibu kweli, usinijibu kiume.

Sisi huku tu wazima, Mungu ametutunza. Baridi imeanza kubisha hodi. Asubuhi nikitoka kwenda kazini navaa nguo juu ya nguo hadi mikono inakataa kushuka, natembea kama mtu aliyefungwa ndani ya godoro. Shekinah ananicheka, lakini yeye ndiye anayetoka bila kofia halafu jioni analalamika masikio. Binti yangu amekuwa mrefu kuliko mimi. Nikimsemesha Kiswahili anasikia kila neno, hasa nikimsengenya, lakini jibu linakuja kwa Kingereza.

Unajua mimi si mtu wa barua. Ningekupigia, ila neti yenu hukatika kila ninapofika kwenye neno lenyewe, na jambo hili sitaki likatike katikati. Tena kuna sehemu ya barua hii ambayo si yako peke yako, utaona. Merveille wa kanisani kwetu anapanda ndege kwenda Kampala kumwona mama yake. Barua hii atampa yule dereva wa Beni unayemjua, naye atakufikishia hapo Bandimoko. Amebeba na kifurushi. Usikifungue kabla hujamaliza kusoma! Nakujua wewe.

Nianze na kakao. Ule mfuko uliompa Papa Onesphore ulifika, lakini jamani, haukufika kimya. Papa Onesphore ni mwenzangu wa kazi, tunafua mashuka ya hospitali pamoja, naye ndiye hunichukua kwa gari lake hadi Maplewood. Alikuwa anarudi kutoka kwenye harusi ya binti yake, amevaa suti yake nzuri. Uwanja wa ndege mbwa mmoja mdogo akaja, akanusa valizi, akakaa chini. Akikaa hivyo ujue umekwisha. Maaskari wakamzunguka mzee wa watu, wana hakika wamekamata nyama ya porini. Alikuwa ameshawaambia mapema kwamba amebeba kakao, lakini nani amsikilize na valizi inanukia nyama ya kukausha? Walifungua, wakapekua hadi soksi, wakakuta kakao tupu. Mmoja akamwambia anapaswa kufungua mgahawa. Hadi leo ile suti inanuka moshi, na kila Jumapili ananiuliza mdogo wangu atamlipa kwa sabuni gani.

Nilipofungua mfuko huo jikoni kwangu, Sosthène, nilikaa chini nami kama yule mbwa. Ilikuwa harufu ya jiko la mama. Nililia, sikufichi. Nikajua hapohapo ulichofanya. Ulichagua kakao yako nzuri kuliko zote, ukaipandisha kwenye dari juu ya mafiga, vilevile mama alivyopandisha mahindi ya mbegu na nyama ya mgeni. Kwetu kitu unachokipenda hukiachi chini, unakiweka juu ya moto, moshi ukilinde. Kakao nyingine uliiuza, hii ya dada ukaipa heshima. Nimeelewa, mdogo wangu, na aksanti sana.

Basi nikaipeleka kwa Stacy. Ni yule mama aliyetuletea makoti siku zile tulipofika hatuna mbele wala nyuma. Ana chumba kidogo Saint Paul, anatengeneza chokoleti mwenyewe, anasaga, anapika, anafunga kwenye karatasi. Alivunja punje moja, akainusa, akaitafuna polepole amefumba macho. Akavunja nyingine. Nilisimama pale nimeshika pochi yangu kama ninayesubiri kusomewa hukumu.

Moshi umekula kila kitu, ndivyo alivyosema, tena kwa huruma. Hawezi kutengeneza chokoleti yenye ladha ya samaki mkavu. Nilitaka kumweleza habari ya dari na mafiga na mama, lakini Kingereza kikanikimbia, nikabaki nikimwambia kwamba mdogo wangu aliipenda kupita kiasi. Alicheka sana, akanishika mkono. Kisha akaanza kuuliza inalimwa wapi, chini ya nini. Nilipomwambia iko chini ya miti ya mbau, miti ambayo watu watano wakishikana mikono hawaizunguki, alirudi akavunja zile punje nene, akatafuna ya ndani tu. Akasema nyuma ya moshi kuna kitu kizuri. Kakao ya mashamba yaliyokatwa miti anaipata popote, hii ya msituni ndiyo anayoitafuta. Anataka tumletee nyingine iliyokaushwa bila moto.

Sikiliza vizuri: hakuahidi. Alisema nilete aonje. Ikiwa nzuri ataichukua, na ana wenzake wa kazi hiyohiyo atakaowaonjesha. Ikiwa mbaya ataniambia usoni, na mimi nitakuambia.

Sasa nifike kwenye ile sauti uliyonitumia kwa simu. Nimeisikiliza nikikunja mashuka, nikaisikiliza tena ndani ya gari hadi Papa Onesphore akaizoea. Umesema mnunuzi wa kakao amekuja, amekuonyesha matunda yanavyogeuka meusi kwa unyevu, amekuambia adui yako ni kivuli: angusha mbau zote, panda kakao juani, utavuna mara mbili. Mwenye msumeno wa injini atakuja Januari mvua ikikatika. Na ukamalizia kwa furaha kwamba mjomba naye amekubali, ulikutana naye njiani, akasema sawa, hakuuliza hata swali moja.

Sitakutukana. Najua bati la nyumba linavuja, na watoto wanafukuzwa shule kila muhula. Mimi ninalala kwenye nyumba yenye joto, nafungua frigo nakuta chakula, kwa hiyo ni rahisi mno kwangu kuimba sifa za msitu. Ungekuwa unaniambia uso kwa uso ningekupikia kwanza.

Lakini Mjomba Zefania hakuuliza swali! Mjomba yupi huyo? Huyu anayebishana na mvua? Ukimwambia umelala salama anataka kujua ulilalia ubavu gani. Moyo wangu ulishtuka pale pale, kweli nakuambia, kuliko nilivyoshtuka kwa msumeno.

Hebu tukumbushane. Baba alipofariki na ndugu zake wakatuondoa kwenye kiwanja, mama alirudi msituni kwa Bambuti wenzake, watu wa kuwinda na kurina asali, na sisi wawili, wewe ukiwa bado unanyonya. Nani alituonyesha pale chini ya mbau akasema kaeni, limeni, pamekuwa penu? Kakao ilipokuja, nani alikata njia pamoja nawe? Leo watu wa kambi yake wana mistari yao ya kakao iliyoungana na yako, kivuli ni kimoja. Mbau zikianguka, zinaanguka na juu yao pia. Nyuki wanaondoka, viwavi vya msimu wanavyokula vinaondoka, na kule ndani zaidi umesema mwenyewe watu wengine wameshafyeka msitu. Watakwenda wapi? Watabaki kuwa vibarua wa kupalilia mashamba ya watu, wenye msitu wao! Mke wa mjomba, Mama Dinah, na wajukuu wake, waje kwako asubuhi na jembe uwaonyeshe pa kupalilia?

Na unajua kwa nini alisema sawa. Kwa watu wa mama, mtoto wa dada akiomba, mjomba hana neno la kukataa. Hana kabisa. Tulimnyang'anya asali ikiwa mdomoni, akacheka. Ulimwomba upinde wake ukauvunja siku hiyohiyo, akakuchongea mwingine. Wewe ungeomba mguu wake angekuuliza wa kulia au wa kushoto. Ile sawa aliyokuambia si ya kukubali, Sosthène. Ni kwamba umemwomba wewe.

Tena umemwomba njiani, mikono mitupu! Bila chumvi! Mama angekuvuta sikio hadi liwe refu. Ombi la kweli kwa mjomba linakwenda na chumvi, linawekwa mkononi mwake, mkewe akiwa amekaa hapo anasikia. Lile la njiani lilikuwa maongezi tu. Usinikasirikie, lakini hukuomba kitu bado.

Sasa kuhusu kukausha. Ndani ya kifurushi kuna plastiki kubwa inayopitisha mwanga, imekunjwa. Tengeneza meza ya mianzi iliyofika kiunoni, uiweke pale penye uwazi kwenye njia kuu, plastiki iwe paa lake, pembeni pabaki wazi upepo upite. Vundika kakao kwenye majani ya migomba kama kawaida yako, kisha mwaga juu ya meza, uigeuze mara kwa mara. Hata jua likiwa la mawingu itakauka, Stacy ameniapia. Matunda meusi yaangushe mapema uyafukie mbali. Punguza matawi ya chini ya miti ya kakao yenyewe, hewa ipite, wala huhitaji msumeno wa injini, panga linatosha. Na juu ya mafiga, tafadhali: nyama weka, mahindi weka. Kakao hapana. Hata ya dada!

Jaribu msimu huu mmoja. Kama nimekosea, mbau zitakuwa bado zipo na tutazungumza. Zikishalala hakuna atakayezisimamisha, si mimi, si wewe, si wajukuu wako.

Kitu kingine kilichomo kwenye kifurushi ni chumvi. Huku kwetu barafu ikishuka, magari ya jiji yanapita yakimwaga chumvi barabarani, tani kwa tani, watu wanaikanyaga na viatu. Siku ya kwanza kuiona nilitaka kuchukua ndoo. Usimwambie mjomba, ataona tumepotewa kabisa na akili. Hii niliyotuma ni ya dukani, ya kula, nyeupe, na Shekinah ndiye aliyeichagua. Nilipomweleza ni ya nini, aliniuliza hapohapo kama yeye naye anaweza kumwomba Mjomba Mugisha wa Saint Paul, ndugu yetu wa kanisani, simu mpya. Nimemkanya.

Nisalimie Héritière sana, mwambie kitambaa cha bluu ni chake na asimpe mtu. Watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Wanakwaya. Majirani wa ng'ambo ya kijito. Papa Onesphore anakusalimu, pamoja na suti yake. Bwana awalinde njiani na nyumbani, awape kulala bila kushtuka.

Sasa simama, mdogo wangu. Nenda kambini sasa hivi, usingoje kesho. Mke wa mjomba awepo. Mwekee mjomba chumvi mkononi, kisha msomee haya yaliyobaki kwa sauti, na usiruke neno.

Mjomba Zefania, ni mimi Ernestine, mtoto wa dada yako, yule uliyembeba mgongoni kuvuka mto mvua ikituchapa. Nimekukumbuka hadi inauma. Mama Dinah, nawe nakukumbatia. Chumvi mliyoishika imetoka kwangu, imevuka maji mengi kuliko ule mto wetu.

Mjomba, nina ombi. Naomba miti ya mbau. Yote, kuanzia ile ya kijitoni hadi ule wa nyuki. Nipe iwe yangu. Na naiomba ikiwa imesimama, maana huku sina pa kuilaza. Nyuki ni wenu, viwavi ni vyenu, kivuli ni cha kakao yenu na ya Sosthène. Wewe nitunzie tu.

Najua utasema sawa. Na atakayetaka kuikata, aje aniombe mimi, hata akiwa ndiye huyu anayekusomea. Mwangalie usoni sasa. Nampenda kuliko macho yangu, lakini mimi si mjomba wake, ni dada yake. Mimi naweza kumkatalia.

Wako akupendaye,
mtoto wa dada yako,
Ernestine